Kadi ya Marehemu

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti mlangoni mwa choo, mikono mitupu, namshukuru Mungu. Leo nitawaambia kwa nini nilishukuru mapema.

Kwa mgeni aliyelifungua gazeti hili leo tu: mimi ni mjane, fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mume wangu alifariki miezi kumi na moja iliyopita kwa saratani ya mifupa. Nimebaki na binti mmoja. Tunamwita Chiriku, kwa sababu utotoni alikuwa hafungi mdomo hata usingizini. Anafanya kazi kwenye duka la miwani.

Nilikuwa nataka kufua pazia la chumbani kwake, nililolishona mwenyewe, nikaona upindo una mshono usio wangu. Mimi nikipinda, uzi hauonekani upande wa mbele. Huu ulionekana. Nikaufumua kwa wembe.

Vikadondoka vidonge kumi na vinne.

Nilivijua. Nilimlisha marehemu vidonge hivyo hivyo kwa mkono wangu, mpaka siku ya mwisho. Ni dawa ya maumivu makali, haitoki bila cheti cha daktari. Nikavimwaga chooni vyote, nikapiga magoti, nikasema yamekwisha.

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri: "Huyu mama alikuwa wapi mwaka mzima?"

Swali ni la haki. Nilikuwa hapo hapo. Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Chiriku alikuwa anakaa kwenye kigoda changu ananitungia uzi kwenye sindano. Saba. Anazichomeka kwenye kimto, zinanitosha kutwa. Macho yangu ya mbali ni mazima, naweza kukuona unakuja tangu kona ya barabara. Ya karibu ndiyo yamenitoka.

Najua mnachosema. Binti anauza miwani, mama yake anatungiwa sindano?

Aliniletea miwani miaka miwili nyuma. Nikaivaa, nikaingia nayo chumbani kwa baba yake. Yeye na maumivu yake akajiinua kwenye mto, akapaza sauti: "Simameni, mwalimu mkuu ameingia!" Tulicheka wote watatu. Nikaivua, nikairudisha kwenye mkebe wake, mkebe nikaupandisha juu ya kabati. Watu wakiniuliza, nasema inanipa kizunguzungu.

Uongo. Kama ningeivaa, Chiriku asingekuwa na sababu ya kukaa kwenye kile kigoda. Tangu baba yake azikwe, zile dakika kumi za sindano ndizo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo kutwa nzima. Baada ya hapo ni mimi na cherehani mpaka arudi.

Kwa hiyo niliona. Niliona asubuhi nyingine vidole vyake vinakimbia, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama vichwa vya pini, ingawa chumba kina giza. Niliona asubuhi nyingine vinatetemeka, jasho juu ya mdomo, uzi anaulamba mara nne na tundu halioni. Niliona Chiriku wangu haongei tena.

Nikasema ni msiba. Na yeye nikimuuliza alisema ni msiba. Tukalitumia neno hilo kama kitasa, kila mtu kwa upande wake wa mlango.

Sasa niendelee.

Siku ya kwanza baada ya kuvitupa, niliburuta godoro lake nikaliweka chumba cha mbele, chini ya dirisha, pembeni ya cherehani yangu, ili nimwone. Nikapiga simu dukani kwao, nikasema ana homa.

Alianza na miayo. Si miayo ya usingizi. Miayo ya kufuatana, moja haijaisha nyingine imefika, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka. Halafu vinyweleo vikamsimama mwili mzima. Halafu akaanza kutapika. Miguu haikutulia, anaipiga kwenye godoro kama anayefukuza kitu.

Nikajiambia, ni uchafu unatoka. Nikafungua kitabu changu cha sala.

Saa nne asubuhi mlango ukagongwa.

"Hodi humu! Mbona mmejifungia mchana kweupe, mnaogopa nani aibe hayo majoho?"

Alikuwa Mama Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi chetu cha sala. Amekuja kuangalia majoho ya kwaya, kumi na mawili, yanatakiwa Jumapili. Ni mwanamke mwema, lakini ukimpa habari asubuhi, mchana utaisikia kutoka kwa mtu mwingine.

"Karibu, mwenzangu. Sina pa kukukalisha. Mgonjwa kalala hapo."

Alimtazama Chiriku juu hadi chini.

"Ana nini?"

"Homa."

"Homa gani ya miayo hiyo? Mimi homa hunilaza, haijawahi kunipigisha miayo."

"Siku hizi homa zimekuwa nyingi, dada."

"Na kutapika?"

"Kidogo."

Akanivuta mkono, akashusha sauti. Sauti yake ikishuka inasikika nyumba ya pili tu badala ya ya tatu.

"Mwenzangu, kama ni mjukuu, sema. Si wa kwanza yeye. Tuanze kufuma sweta mapema."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa makusudi, ili aamini hivyo. Niliona afadhali watu waseme binti yangu ana mimba isiyo na mwenyewe kuliko waseme lile neno lingine.

Akaweka mkono kwenye paji la uso la Chiriku, akaomba juu ya homa. Sala nzuri, fupi, yenye nguvu. Nikaitikia amina.

Niliitikia amina kwa ugonjwa usiokuwepo. Ule uliokuwepo haukuombewa na mtu.

Alipoondoka, Chiriku akafumbua macho.

"Mjukuu," akasema. "Mama, wewe ni mwongo kuliko mimi."

Siku ya pili hakula. Maji akinywa yanarudi. Mimi sikutoka pale. Nililala kwenye kiti, nikala kwenye kiti, nikaenda uani mbio na kurudi mbio. Nilikuwa nimesikia watu wa namna hii hutoroka.

Mchana akaniita.

"Mama."

"Nipo."

"Ulivitupa vyote?"

"Vyote."

"Hata kimoja hukubakiza?"

"Hata kimoja."

Akaanza kucheka, meno yanagongana.

"Wewe? Wewe ambaye hutupi hata kipande cha uzi? Una kopo la vifungo vya mashati ya watu waliokwisha kufa. Leo ndiyo umejua kutupa!"

"Nani alikuzoesha, Chiriku? Nitajie. Nitakwenda kwake na mkasi."

"Baba."

"Usimsingizie marehemu."

"Baba, Mama. Ile siku nilimnyanyua kumpeleka kuoga, mgongo wangu ukalia ka! Wewe ulikuwa ibadani. Nikakaa sakafuni nalia, yeye kitandani analia. Akaniambia fungua kopo langu, meza kimoja, mwanangu. Mama yako asijue, atahangaika."

Ni yeye kabisa. Nilimsikia mume wangu katika maneno hayo, hata namna alivyokuwa anatamka "atahangaika", kama kuhangaika kwangu ndiyo balaa kubwa kupita saratani.

"Kikafanya nini?" nikauliza.

"Mgongo ukanyamaza. Na mengine yote yakanyamaza."

"Mengine yapi?"

"Kumsikia analia chumba cha pili. Halafu alipokufa, kutomsikia."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi, chumba hicho hicho, kila siku. Sikumwambia. Nilikunja joho moja, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Na baada ya kuzika ulivipata wapi? Kopo la baba yako nililirudisha mwenyewe kwa muuguzi wa zahanati ya mtaa aliyekuja nyumbani, likiwa na vilivyobaki."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Akakodolea macho pazia. Siku zote mbili alikuwa anakodolea pazia lile.

"Acha, Mama. Niache."

Nikadhani mwanga unamuumiza macho. Nikainuka, nikalifunga pazia vizuri, nikalinyoosha kwa mikono yangu mpaka chini.

Siku ya tatu akapata usingizi, asubuhi, wa kwanza. Nikaona bora nishone, majoho yananingoja. Mikono ya majoho hupindwa kwa mkono, cherehani haiwezi kuuficha uzi.

Nikanyoosha mkono kwenye kimto. Sindano zote saba zilikuwa tupu.

Nililamba uzi, nikajaribu. Nikajaribu dirishani. Nikajaribu mlangoni. Nikajichoma. Basi nikapanda kwenye kigoda, nikauteremsha ule mkebe wa miwani juu ya kabati. Ulikuwa umefutwa vumbi. Hilo lilinishangaza, maana sikuwahi kuufuta.

Nikaufungua. Juu ya miwani kulikuwa na kadi iliyokunjwa mara mbili.

Katika nyumba nzima, hapo ndipo mahali pekee ambapo binti yangu alijua sitafungua.

Nikavaa miwani. Kizunguzungu hakikuja. Herufi zikaja, moja moja, zimesimama wima kama watoto mstarini. Ilikuwa kadi ya hospitali, ya kitengo cha wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu. Jina la mume wangu. Umri wake. Chini yake mihuri, kila baada ya wiki mbili, safu nzima, hadi nyuma.

Muhuri wa mwisho ulikuwa wa siku kumi na tatu zilizopita.

Mume wangu, ambaye nilimwona anafukiwa kwa macho yangu haya, alikuwa amechukua dawa, na hata wiki mbili hazijatimia.

Nilishikwa na hasira. Si kwa Chiriku. Kwa hao watu wa hospitali. Nilitaka kumjua aliyekuwa anagonga mihuri ile bila kuuliza. Nilikwenda kugombana, niseme ukweli. Kutafuta msaada hakukuwa kichwani mwangu.

Chiriku alikuwa bado amelala. Nikafunga mlango kwa nje, nikaweka funguo kifuani, nikaenda.

Kitengo hicho kina ukumbi wenye mabenchi na madirisha matatu ya vioo yenye tundu la duara chini. Kadi inasema dirisha namba tatu. Nikapanga foleni. Kila mtu pale ameshika kadi ya mtu mwingine. Ni wake, watoto, dada. Wenye maumivu wako nyumbani. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu vizuri, ya kwanza hadi ya mwisho.

"Kadi, mama."

Nikaipitisha. Sista wa dirishani alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliitazama kadi, uso ukamchangamka.

"Aa! Leo umekuja mwenyewe. Yule binti mpole yuko wapi? Haya, na mzee anaendeleaje?"

Maneno yangu yote yakaniishia.

Miezi kumi na moja hakuna mtu aliyeniuliza habari za mume wangu. Wananiuliza mimi naendeleaje. Wakimtaja yeye, wanamtaja kwa kuinamisha kichwa. Huyu mtoto wa watu ameniuliza kama unavyouliza juu ya mtu aliyelala nyumbani, anangoja umrudie na magazeti.

Nikajibu, "Hajambo kidogo."

Nilisema hivyo. Kinywa changu hiki, kinachoongoza sala za Alhamisi.

"Maumivu je?"

"Yamepungua."

"Mungu ni mkubwa. Msalimie sana. Sasa hapa, mama, ile fomu yenu inakaribia mwaka, utaweka sahihi mpya. Ya zamani hii hapa, uandike kama ulivyoandika."

Akapitisha karatasi mbili. Miwani bado ilikuwa puani. Nikaisoma ile ya zamani.

Mimi, mke wa mgonjwa, nathibitisha kwamba mume wangu bado yuko nyumbani chini ya uangalizi wangu na bado anahitaji dawa. Nimemruhusu binti yetu azichukue kwa niaba yake.

Chini, sahihi yangu. Mkia wa herufi ya mwisho umepinda juu, kama nilivyofundishwa darasa la nne.

Nilikumbuka. Wiki ya kwanza baada ya mazishi, nimekaa kwenye kigoda, Chiriku ananiletea karatasi. "Weka hapa, Mama, ni ya kurudisha kile kitanda cha kukunja cha hospitali." Nikaweka. Miwani ilikuwa juu ya kabati.

Nilikuja kumtafuta aliyemweka mume wangu hai kwenye daftari lao. Nikamkuta. Alikuwa mimi.

"Mama?" Sista akasema. "Kuna tatizo?"

Tayari alikuwa ameweka kifuko cha karatasi kwenye tundu la dirisha. Kidogo, kimekunjwa mdomo, kimebandikwa karatasi yenye jina la marehemu. Nilisikia vidonge vikigusana ndani.

Nitaungama na hili. Niliweka mkono juu yake.

Nilijua kilichomo. Kimoja tu, na miguu ya mwanangu ingetulia. Angekunywa maji. Angelala. Kesho asubuhi angekaa kwenye kigoda, anitungie sindano saba, na mimi ningekuwa na mtu wa kuongea naye. Mungu ninayemwomba alikuwa ananiona, na mkono wangu haukuondoka.

"Mama, kama kuandika kunakushinda weka dole gumba!" mwanamume mmoja akasema nyuma yangu. "Tumekaa hapa tangu jua halijatoka!"

"Mwache mama wa watu asome," mwingine akamjibu. "Wewe fomu zako husomi, ndiyo maana uliuziwa televisheni mbovu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza zile asubuhi za vidole vinavyokimbia. Zilikuwa asubuhi zangu nzuri. Nilizipenda. Kumbe nilizipenda siku alizokuwa amemeza.

Nikakisukuma kifuko kikarudi upande wake.

"Sista," nikasema. "Mume wangu amekufa."

Tabasamu lake lilichelewa kuondoka.

"Amekufa leo?"

"Miezi kumi na moja sasa."

Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama mihuri yake mwenyewe. Akashusha kipazia cha dirisha. Nyuma yangu foleni ikalalamika kwa sauti moja.

Nikajua nimeiharibu nyumba yangu. Nikangoja mlinzi.

Alitoka yeye, kwa mlango wa pembeni. Akanishika kiwiko, akanikalisha kwenye benchi nyuma ya ukumbi, pembeni ya ndoo za mfagizi.

"Ni binti," akasema.

"Ni binti."

"Anavimeza mwenyewe au anauza?"

"Anameza. Sista, watamfunga? Kazini wakijua je? Na sahihi ni yangu, kama ni kufunga wanifunge mimi, yeye bado—"

"Mama, sikiliza. Sijui watafanya nini, sitakudanganya. Lazima nimwambie mkubwa wangu, na mimi mwenyewe nitajibu, mihuri yote hiyo ni mkono wangu. Lakini anayehojiwa ni mtu aliye hai. Tuanze hapo. Yuko katika hali gani?"

Nikamweleza. Miayo, vinyweleo, kutapika, miguu. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia hadithi ya ndugu yake.

"Mitaani wanaita arosto. Ni mwili unaodai ulichozoeshwa. Aliacha lini?"

"Hakuacha. Mimi nilivitupa. Leo siku ya tatu."

"Vyote kwa mpigo?"

"Nilidhani ndiyo uponyaji."

"Hapana, mama. Mtu kama huyo hakatwi ghafla nyumbani, bila daktari. Kuna kliniki nyuma ya jengo hili, mlango wa bluu. Wanampa dawa maalumu, wanamshusha polepole, na kuna mtu wa kuongea naye. Na wewe pia kuna mtu wa kuongea nawe. Wanakuja walimu pale, madereva, mashemasi. Mmoja amepita mbele yako sasa hivi, hukumtambua."

Mtu wa kuongea nami. Ningelia, kama angeninyamazia hata kidogo. Lakini alikuwa ameshaendelea.

"Yuko na nani hivi sasa?"

"Peke yake. Amelala. Nimefunga kwa nje."

Alisimama.

"Umemfungia?"

"Ili asitoroke."

"Na nyumbani hakuna kidonge hata kimoja? Fikiri vizuri. Kwa sababu mwili ukikaa siku tatu bila hicho kitu, unasahau uzito wake. Kile kiasi alichokuwa anameza na kwenda kazini, leo kinaweza kumzimisha pumzi."

"Hakuna. Nilifumua pazia lote, upindo wote, kumi na vinne, nikavi—"

Pazia moja.

Maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kufanya kosa kama hilo. Kitambaa kile nilikikata mapazia mawili. Moja la chumbani kwake.

Jingine la chumba cha mbele. Lile alilolikodolea macho siku tatu. Lile nililolinyoosha kwa mikono yangu miwili mpaka chini. Kwa siku tatu hakuligusa kwa sababu sikuondoka kitini.

Sasa nilikuwa nimeondoka.

Sista hakuniuliza tena. Aliingia ndani, akatoka na kibegi chekundu, akamwita dereva wa gari la hospitali kwa kupiga makofi. Njiani alinieleza kuna sindano ya kumzindua mtu wa namna hiyo, ikimuwahi. Nilimsikia kama mtu anayeongea chini ya maji. Funguo zilikuwa zimenichora alama kifuani.

Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nikafungua.

Chumba kilikuwa na mwanga mwingi. Pazia halikuwepo dirishani. Lilikuwa limelazwa juu ya cherehani yangu, limekunjwa vizuri, upindo wake umefumuliwa kwa wembe bila kuchana hata uzi mmoja wa kitambaa. Nilimfundisha mwenyewe kufumua hivyo.

Godoro lilikuwa tupu.

Miwani ilikuwa bado usoni, niliona kila kitu. Kwenye kimto, sindano zote zilikuwa na uzi. Si saba. Zote nilizonazo, ndogo na kubwa, hata zile za magunia. Uzi mweupe, mkia wa kila mmoja umefungwa fundo. Zilikuwa za kunitosha mwezi.

"Chiriku!"

Mlango wa chumba changu ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma. Ulikwenda kidogo, ukakwama kwenye kitu kizito, laini.

Sista akaniweka kando, akapenyeza mkono, halafu bega, halafu mwili wake wote mnene ukapita mahali ambapo nisingepitisha hata joho. Nikamsikia anapiga magoti. Nikasikia zipu ya kibegi.

"Chiriku, mama, niitikie! Chiriku! Nimevaa miwani, njoo unicheke!"

"Mama," Sista akasema kutoka nyuma ya mlango. "Nyamaza kidogo. Nataka nisikie kama anapumua."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Sisi wawili, kila mtu kwa upande wake wa mlango, tukasikiliza.